Baba ametaka achomwe, ukoo unataka kaburi

Swali: Baba yetu ana miaka 81. Ni mwalimu mstaafu, Mwanglikana, na tunaishi Nakuru. Pasaka iliyopita, tukiwa wote mezani, alisema akifa asizikwe bali achomwe. Baba mdogo mmoja aliinuka akasema huo ni uhindi, mwingine akasema ni uzungu. Tulipomwita mchungaji atusaidie, naye akasema majivu hayafufuki. Mume wa dada yangu ni Mwislamu. Amenyamaza, lakini naona jambo hili limemkaa rohoni. Ni kweli kwamba kuchoma maiti si mila yetu wala si dini yetu? Na baba akiandika wosia, tutaweza kumtimizia?

Jibu: Dada, nianze na baba mdogo aliyesema huo ni uhindi, kwa sababu katika Kenya nzima hakuna mahali pasipofaa kusemea neno hilo kama Nakuru. Mwendo mfupi kutoka mjini kwenu, katika pango lililo kando ya Mto Njoro, Mary Leakey na mumewe Louis walichimba mwaka 1938 wakakuta mifupa iliyochomwa ya watu wapatao 80. Walikuwa wafugaji walioishi Bonde la Ufa takriban miaka 3,000 iliyopita. Pamoja nao palikuwa na mabakuli ya mawe, michi, mawe ya kusagia, shanga za mawe ya rangi na visu vya jiwe jeusi la volkano. Palikuwa pia na vibuyu, na chombo cha mbao kilichochongwa kwa ustadi. Vitu vya namna hiyo huoza vikaisha, lakini hivi vilidumu kwa kuwa moto ulivigeuza makaa. Waliowachoma wale watu hawakuwa wakitupa mizoga. Waliwaandalia safari.

Sisemi wale ni babu zako. Hukuniambia ninyi ni watu wa wapi, nami sitauliza. Nasema tu kwamba moto wa maiti uliwaka Bonde la Ufa karibu miaka 3,000 kabla ya Wahindi wa reli kupita hapo. Na wale wa Njoro si wa kwanza barani. Kaskazini mwa Malawi, chini ya mlima Hora, yamepatikana mabaki ya mwanamke aliyechomwa takriban miaka 9,500 iliyopita, na watu waliokuwa bado wakiishi kwa kuwinda na kuokota. Ukivuka bahari hadi Australia, kwenye ziwa kavu la Mungo, kuna mwanamke aliyechomwa takriban miaka 40,000 iliyopita. Mifupa yake ikapondwa, ikachomwa tena, kisha ikafukiwa. Si mbali naye, na kwa umri unaokaribiana, yumo mwanamume aliyezikwa mzima na kunyunyiziwa udongo mwekundu. Huyu wa pili ndiye anayenivutia zaidi, kwa kuwa anaonyesha kwamba watu wa mahali pamoja walikuwa na njia zote mbili, wakajua wenyewe nani wa motoni na nani wa udongoni.

Nimefundisha historia ya dini kwa miaka mingi, na njia ninayowapa wanafunzi wangu ni hii: ukitaka kujua kwa nini watu fulani wanauheshimu moto wa maiti au wanauchukia, usianze na kitabu chao kitakatifu. Uliza kwanza, wakati ule, nani alikuwa akiuwasha, na alikuwa akimchoma nani. Aya hutafutwa baadaye. Twende na swali hilo, tuone kama halitajibu pia kilichotokea mezani kwenu.

Kwa Wahindu anayewasha moto ni mtoto wa kiume, kwa desturi yule wa kwanza, na anayechomwa ni mzazi wake. Hapo hakuna adhabu yoyote. Katika Rigveda, ambayo ni ya kale kuliko dini nyingi tunazozijua, umo wimbo unaomwomba Agni, yaani moto wenyewe, asimteketeze marehemu hata kummaliza, bali akisha kumwivisha ampeleke kwa mababa. Mwili huoshwa, huvikwa, huwekwa juu ya kuni, humiminiwa samli. Mwana huzunguka, kisha huwasha. Fuvu lazima lipasuke ili pumzi ya uhai itoke, na lisipopasuka lenyewe hugongwa kwa mti. Majivu huenda mtoni. Kule Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu, kwenye ngazi za Manikarnika, husemwa moto haujawahi kuzimika, na wanaoulinda ni watu wa jamii ya Dom, ambao wengine huwadharau maisha yao yote hadi siku wanapouhitaji moto wao. Hata hivyo Wahindu nao hawachomi kila mtu. Watoto wachanga huzikwa au hupewa mto, watawa waliokwisha kuiacha dunia huzikwa, na Walingayat, dhehebu la Karnataka kusini mwa India, huzika maiti ikiwa imeketi. Kwa hiyo hata neno “uhindi” la baba mdogo halitoshi kuwaeleza Wahindi wenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika habari hiyo. Gandhi alichomwa Delhi tarehe 31 Januari 1948, na sehemu ya majivu yake ililetwa Jinja, Uganda, mwaka huohuo, ikamwagwa pale Mto Nile unapotoka ziwani. Leo pana sanamu yake hapo, iliyozinduliwa mwaka 1997.

Sasa watazame Waparsi, ambao nao walitoka Bara Hindi wakaja kufanya kazi Zanzibar na Mombasa. Dini yao ni ile ya kale ya Uajemi, na hakuna watu wanaouheshimu moto kuwashinda. Kwa sababu hiyohiyo wanakataa kuchoma maiti: moto ni mtakatifu, na maiti ni najisi, basi huwezi kuvikutanisha. Zamani waliwaweka wafu wao juu ya minara iliyo wazi, ndege wakamaliza kazi. Mwanamuziki Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 katika nyumba ya Kiparsi, alichomwa London mwaka 1991, baada ya ibada iliyoongozwa na makasisi wa dini hiyo. Huko ugenini hakuna minara, na watu hulazimika kuchagua lililopo. Mhindu na Mparsi wanautukuza moto uleule, lakini mmoja anaupa marehemu wake na mwingine anaunyima.

Sasa nimwendee mchungaji. Nampa heshima yake, lakini ningemwomba afungue 1 Samweli 31. Sauli na wanawe walipouawa, Wafilisti waliitundika miili yao ukutani. Wanaume wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha, wakaishusha, wakaiteketeza kwa moto, wakaizika mifupa, wakafunga siku saba. Daudi aliposikia aliwabariki kwa wema huo; ni 2 Samweli 2. Kisha afungue Amosi 2, ambapo Mungu anamlaani Moabu kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Katika Biblia moja, moto wa kwanza umewashwa na marafiki kumwokoa marehemu asiaibishwe, na wa pili umewashwa na adui ili amwaibishe. Biblia haina amri inayosema “usichome maiti.” Ina desturi ya kuzika, ambayo ni nzito sana, tangu Ibrahimu kununua pango la Makpela hadi kaburi la Yesu mwenyewe. Desturi hiyo sipunguzi uzito wake hata kidogo. Lakini desturi haijawa amri kwa sababu tu ni ya kale.

Wakristo wa kwanza waliishi katikati ya Warumi, na Warumi wa wakati ule walichoma. Hata kwao ilikuwa ni kama kupokezana zamu: zipo familia kubwa zilizozika, mojawapo ni ya kina Cornelius, hadi mtu wa ukoo huo, mtawala Sulla, alipokufa mwaka 78 kabla ya Kristo akachomwa. Inasemwa aliogopa maiti yake isije ikafukuliwa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliifanyia hivyo maiti ya adui yake Marius. Baada ya miaka 200 hivi Warumi wakaanza kurudi kwenye maziko ya udongo, na hawakusukumwa na Ukristo, kwani Wakristo walikuwa wachache mno.

Kanisa lilianza kuuona moto kwa jicho jingine pale ulipotumiwa dhidi yake. Mwaka 177, huko Lyon, watesi waliwaua Wakristo, wakaichoma miili yao, wakayatupa majivu katika Mto Rhône, wakisema wazi kwamba wanataka kuona kama sasa watafufuka. Wale watesi na mchungaji wenu wana wazo moja juu ya majivu, ingawa hakika hakukusudia kuwa upande wao. Jibu la Kanisa lilikuwa kwamba Mungu hazuiwi na mto. Minucius Felix, mmoja wa watetezi wa mwanzo wa imani hiyo, alieleza kwamba Wakristo hawaogopi hasara yoyote kutokana na namna ya maziko. Wanazika kwa sababu ni desturi ya kale na iliyo bora. Mfuasi aliyeliwa na simba, aliyezama baharini, aliyeungua nyumbani mwake, wote walihesabiwa kufufuka.

Baadaye Kanisa lenyewe likashika kiberiti, na hapo mambo yakawa mabaya. Mwaka 785 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, baada ya kuwashinda Wasaksoni wa Ujerumani, aliweka sheria kwamba atakayeichoma maiti kwa desturi ya kipagani auawe. Kwake moto wa maiti ulikuwa alama ya mtu aliyekataa ubatizo, yaani aliyekataa kutawaliwa. Karne zilizofuata Ulaya ya Kikristo ilizika watu wake wema na kuwachoma wale iliowaita wazushi. Jan Hus, mhubiri wa Bohemia, alichomwa mwaka 1415 na majivu yake yakatupwa mtoni ili wafuasi wake wasipate hata punje ya kuhifadhi. Mwingereza John Wycliffe, aliyehukumiwa naye kuwa mzushi, alikuwa amekufa zamani. Mwaka 1428 walimfukua wakachoma mifupa. Kwa miaka elfu na zaidi, Mzungu aliyeona mwili wa mtu ukiungua aliona hukumu. Mwambie baba mdogo wa pili, taratibu, kwamba jambo analoliita uzungu ndilo Wazungu walilolikataza kwa muda mrefu kuliko karibu watu wote.

Tanuri la kisasa lilianza miaka ya 1870. Mtaliano Brunetti alionyesha mfano wa tanuri lake katika maonyesho ya Vienna mwaka 1873, daktari wa malkia wa Uingereza, Sir Henry Thompson, akaanzisha chama cha kutetea jambo hilo mwaka 1874, na Milan ikawa na tanuri lake mwaka 1876. Sababu walizotoa zilikuwa za afya: miji imejaa, makaburi yamefurika, maji ya visima yananuka. Lakini Italia ya wakati huo ilikuwa imetoka tu kuunyang’anya upapa mji wa Roma, mwaka 1870, na wengi waliovipenda vyama vya uchomaji walikuwa Wamasoni, yaani watu wa chama cha siri cha Freemason, na wapinzani wa mapadri. Wengine walichomwa makusudi, kama tangazo: tazameni, sihitaji padri wala ufufuo wenu. Roma ikajibu. Tarehe 19 Mei 1886 Wakatoliki walikatazwa kujiunga na vyama hivyo na kuagiza wachomwe.

Marufuku hiyo ilidumu hadi Julai 1963. Hati ya Roma iliyoiondoa ilieleza waziwazi kwamba kuchoma maiti hakuigusi roho wala hakumzuii Mungu kuufufua mwili. Kilichokatazwa ni kuchagua moto kwa kuipinga imani. Yaani mtu yuleyule, tanuri lilelile, majivu yaleyale: hukumu inategemea alichokusudia. Sheria ya Kanisa ya 1983 inasema hivyo hadi leo. Mwaka 2016 Roma iliongeza kwamba majivu yakae mahali patakatifu, yasimwagwe wala yasigawanywe, na yasiwekwe sebuleni. Mwishoni mwa 2023 ikalegeza kidogo, ikaruhusu sehemu ndogo iwekwe mahali palipokuwa na maana kwa marehemu. Waorthodoksi bado wanakataa. Ugiriki haikuwa na tanuri hadi 2019.

Nyinyi ni Waanglikana, na kwenu habari ni fupi zaidi. William Temple, Askofu Mkuu wa Canterbury, alichomwa mwaka 1944, na majivu yake yamezikwa hapohapo kanisani kwake. Lakini siwezi kuiacha Uingereza bila kumtaja Dakta William Price wa Llantrisant, Wales. Alikuwa na miaka zaidi ya 80, alijiita kuhani wa dini ya kale ya nchi yake, alivaa ngozi ya mbweha kichwani. Januari 1884 mwanawe mchanga alikufa, naye akamchoma kilimani Jumapili jioni, watu wakitoka kanisani. Nusura wamuue. Alipofikishwa mahakamani, Jaji Stephen alipekua sheria za nchi, akakuta hakuna inayokataza, ilimradi usiwakere majirani. Mwaka uliofuata tanuri la Woking lilipokea maiti yake ya kwanza, na mwaka 1902 ikatungwa sheria. Leo takriban watu wanane kati ya kumi wanaokufa Uingereza huchomwa, na mlango waliopitia ulifunguliwa na mzee mmoja mkaidi ambaye hakuna mchungaji angemzika.

Japani ilipita kisa kama hicho kutoka upande wa pili. Uchomaji uliingia pamoja na Ubudha. Mtawa Dosho alichomwa mwaka 700, na malikia Jito mwaka 703. Serikali ya mfalme Meiji, iliyotaka dini ya Shinto itawale na Ubudha upungue, ikapiga marufuku Julai 1873. Mara miji ikaishiwa nafasi ya makaburi, na aliyefia mbali na kwao hakuweza tena kurudishwa kwenye kaburi la wazee wake, jambo ambalo kwa mtungi wa majivu lilikuwa rahisi. Mei 1875 marufuku ikafutwa. Leo karibu kila Mjapani huchomwa, na jamaa huokota mifupa kwa vijiti, wakianzia miguuni, ili marehemu asikae mtungini kichwa chini.

Shemeji yako Mwislamu ananyamaza kwa sababu kwake hakuna mjadala. Uislamu unamtaka marehemu aoshwe, avikwe sanda, aswaliwe, azikwe upesi. Qurani, sura ya Al-Maida aya ya 31, inasimulia jinsi mwana wa Adamu aliyemuua nduguye alivyotumiwa kunguru akichimba ardhini, ili ajue namna ya kumsitiri. Yako mapokeo ya Mtume kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai, na kwamba kuadhibu kwa moto ni haki ya Mola wa moto peke yake. Katika dini hiyo moto una mwenyewe, nao ni adhabu. Wanazuoni hawatofautiani juu ya Mwislamu kuchomwa: ni haramu.

Tena ana kumbukumbu ya karibu. Wakati wa korona, mwaka 2020, serikali ya Sri Lanka ililazimisha kila aliyekufa na ugonjwa huo achomwe, Waislamu na Wakristo wakiwemo, ingawa Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema kuzika kunaruhusiwa. Watoto wachanga walichomwa wazazi wakiwa wanalia nje. Amri ilifutwa Februari 2021, na Julai 2024 serikali ikaomba radhi. Kwa hiyo usimsukume aseme neno zuri juu ya tanuri.

Hata hivyo katika mapokeo ya Bukhari na Muslim imo habari ambayo huenda anaijua, na ambayo mimi huiona kuwa miongoni mwa habari za kushangaza zaidi katika dini yoyote. Mtu mmoja wa zamani, aliyejiona hana jema alilotenda, aliwausia wanawe: nikifa nichomeni, nisageni, mnipeperushe siku ya upepo, nusu nchi kavu na nusu baharini, maana Mungu akinipata ataniadhibu adhabu ambayo hajamwadhibu mtu. Wakafanya. Mungu akaamuru bahari irudishe kilichomo na nchi irudishe kilichomo, mtu akasimama. Akaulizwa, kwa nini ulifanya hivyo? Akasema, kwa kukuogopa Wewe, Mola wangu. Akasamehewa. Habari hiyo haihalalishi kuchoma, na hakuna sheikh aliyeitumia hivyo. Ila kuhusu majivu kushindwa kufufuka, imekwisha kujibu.

Nimeacha mila mwisho kwa sababu ndiyo ngumu. Wanaosema “mila yetu ni kuzika” wanasema kweli kwa jamii nyingi. Waluo walizika nyumbani tangu zamani, na mahali pa kaburi palijulikana kwa cheo na jinsia ya marehemu. Lakini Wamaasai na Wakikuyu, kabla ya ukoloni, walizika wachache, wazee wenye heshima na mali. Wengine walipelekwa porini wakaachiwa fisi, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu. Jeneza la mbao, msalaba, tarehe mbili na picha ya marehemu kwenye shati la watu wa kamati vimekuja na wamisionari, serikali na wapiga picha. Kaburi la nyumbani tunalolipigania leo, kwa familia nyingi za Kenya, lina umri wa vizazi vitatu au vinne tu.

Moto nao ulikuwapo, ila kwa kazi nyingine. Miongoni mwa Wakikuyu, mchawi aliyethibitika kuua kwa sumu alichomwa mbele ya watu, na jamaa yake mwenyewe alitakiwa aridhie. Na hatuhitaji kurudi mbali. Katika miji yetu kijana akipigiwa kelele za mwizi hutafutwa tairi na petroli. Baba mdogo aliyeinuka mezani hakuwa anafikiria Varanasi wala Woking. Huenda aliona kaka yake ndani ya tairi. Ukiuliza nani amekuwa akiwasha moto machoni pa mzee wa Kenya wa rika lake, na amekuwa akimchoma nani, hasira yake haitakushangaza tena.

Kuna na jambo la pili, ambalo wazee hawalitamki mbele ya mabinti. Kaburi lina kazi ardhini. Shamba lenye makaburi ya wazazi ni vigumu kuuzwa, na mgogoro ukifika mahakamani, makaburi hutajwa kama ushahidi wa nani alitangulia kuishi hapo. Bonde la Ufa, ambako watu wamehamishwa na kufukuzwa zaidi ya mara moja, mtu asiye na kaburi anaonekana kama hakuwahi kuwapo. Baba mdogo anaweza kuwa anauliza, kwa lugha ya mila, mpaka wa shamba utalindwa na nani.

Wako Wakenya waliokwisha kupita njia hii. Mary Kuria, mke wa Askofu Mkuu mstaafu wa Kanisa lenu, Manasses Kuria, alichomwa mwaka 2002, na waumini wakabishana kwa miezi. Mwaka 2005 Askofu mwenyewe akafariki, naye akachomwa. Mchungaji wenu bila shaka anaifahamu habari hiyo. Wangari Maathai alisema hataki mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Oktoba 2011 alipelekwa Kariokor, Nairobi, kwenye tanuri la jumuiya ya Wahindu, katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, na majivu yake yakazikwa kwenye taasisi yenye jina lake huko Kabete. Mwanasiasa Kenneth Matiba alichomwa 2018. Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alichomwa Agosti 2019, na wazee wa Kiluo wakalalamika kwamba wamenyimwa mtu wao.

Juu ya wosia nitakuambia kama lilivyo. Desemba 1986 alifariki wakili wa Nairobi, S. M. Otieno. Mkewe, Wambui, alisema mumewe alitaka azikwe Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa mochari miezi mitano. Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikawapa ukoo ushindi, na moja ya mambo yaliyobaki katika sheria ya Kenya ni kwamba maiti haina mwenyewe: mtu hawezi kuirithisha kama anavyorithisha ng’ombe au ploti. Tangu hapo majaji wameangalia mengi: nani aliishi na marehemu, nani alimuuguza, mila zake ni zipi, na alitamka nini akiwa hai. Tamko lake lina uzito, lakini si amri. Karatasi peke yake haitamtimizia baba yako.

Kinachomtimizia mtu ni watu waliokubaliana kabla hajafa. Baba yako ana bahati kwamba bado anaweza kusema, na ninyi kwamba bado mnaweza kumuuliza. Ningemuuliza kwa nini, kwani sijaona ukoo uliowahi kuuliza swali hilo. Huanza na hapana. Akisema ni gharama za mazishi, baba wadogo wanaweza kuliona hilo. Akisema ni ardhi isikatwekatwe, pia. Akisema hataki watu wagombane juu ya kaburi lake, basi amewatajia shida ambayo tayari ninyi mmeianza.

Halafu muulize majivu yawekwe wapi. Kinachotoka tanurini, baada ya saa moja au mbili za joto la nyuzi 800 hadi 1,000, ni mifupa mikavu ambayo husagwa. Uzito wake ni kilo mbili au tatu. Hakuna kinachozuia mtungi huo uzikwe shambani, kwenye kaburi dogo lenye jiwe, jina na tarehe, mchungaji akisoma maneno yaleyale aliyoyasoma kwa babu. Familia kadhaa ninazozijua zimefika hapo, na mara nyingi baba mdogo ndiye aliyechimba. Kama mama yenu yupo, hukumtaja, mwulizeni yeye anataka alale kando ya nini.

Mkishaelewana, andikeni. Baba atie sahihi mbele ya mashahidi wawili, na mmoja awe mmoja wa hao baba wadogo. Nakala moja akae nayo wakili, nyingine mchungaji. Kumbukeni pia kwamba majivu hayafukuliwi: kama kifo kitakuwa na shaka yoyote, uchunguzi wa daktari utangulie. Hofu ya sumu kufichwa na moto ndiyo iliyowafanya Waingereza wadai hati za daktari kabla ya kuchoma, na hapa kwetu pia hakuna tanuri litakalompokea marehemu wenu bila kibali cha maziko.